Minelab Equinox 800 kwenye viwanja vya ndege vya Vita Kuu ya Pili: mashine nzuri, koili kubwa mno

Matangazo ya vigunduzi vya metali huanza na kina. Kwenye kiwanja cha ndege cha wakati wa vita, kina ndicho cha mwisho kukunyima usingizi. Vitu vilivyodondoshwa mashariki mwa Uingereza kati ya 1942 na 1945, kule Norfolk, Suffolk, Cambridgeshire na Lincolnshire, kwa sehemu kubwa vimo ndani ya udongo unaopinduliwa na plau, yaani sentimita 25 hadi 30 za juu. Vingine huonekana kwa macho baada ya mvua. Shida ni majirani zake: misumari, vipande vya mabati ya vibanda vya Nissen (vibanda vya askari vya bati vilivyopinda nusu duara), vizibo vya chupa, nyaya, makaa ya koki na viunganishi vya mikanda ya risasi. Basi swali la kumuuliza muuzaji ni hili: msumari na kifungo cha shaba vikilala umbali wa vidole vinne, mashine itasema nini?

Equinox 800 hulijibu swali hilo vizuri, ila si kwa koili (kisahani cha chini kinachopitishwa juu ya ardhi) inayokuja nayo ndani ya boksi. Hilo ndilo lalamiko letu kubwa, na tutalirudia.

Kwanza mashine yenyewe. Ilitoka 2018, kazi ya kampuni ya Minelab ya Australia. Mfumo wake wa Multi-IQ hutuma masafa kadhaa kwa mpigo mmoja; ukitaka moja tu unachagua 5, 10, 15, 20 au 40 kHz. Ina uzito wa kilo 1.34, inavumilia maji hadi mita 3, na skrini hutoa namba kuanzia -9 hadi 40. Hasi ni chuma, chanya ni metali nyingine. Koili ya boksi ni ya inchi 11, umbo la DD, yaani ndani yake mna misokoto miwili ya waya yenye umbo la herufi D. Visikilizio visivyo na waya vimo, na sauti yake haicheleweshi kiasi cha kukukosesha mahali. Hayo ya maji unaweza kuyasahau, labda ukinyeshewa.

Kiwanja chenyewe kinavyoamua

Kiwanja cha daraja A, kiwango kilichowekwa na wizara ya anga ya Uingereza mwaka 1942, kilikuwa na njia tatu za kurukia zinazokatana kama herufi A: moja ya yadi 2,000, karibu mita 1,830, na mbili za yadi 1,400, karibu mita 1,280, kila moja upana wa yadi 50. Pembeni ilizunguka njia ya kupitishia ndege yenye upana wa futi 50, nayo ilichipua maegesho ya ndege, mengine duara kama kikaango, mengine kama miwani. Vituo vya ndege za mabomu vya Wamarekani, kama Thorpe Abbotts zilipokaa ndege za B-17 za kundi la 100, vilikuwa na maegesho takriban 50.

Chini ya zege kulijazwa kifusi, na kwa viwanja vya mashariki sehemu ya kifusi hicho ni matofali ya nyumba za London zilizobomolewa kwa mabomu. Baada ya vita zege nyingi lilivunjwa likauzwa, kifusi kikasambaa. Kwa hiyo ukanda wa mita kadhaa kando ya njia za kurukia una tofali lililoungua, mabomba na misumari ya nyumba za watu kuliko kitu chochote cha ndege. Hapo mashine yoyote itakuchosha. Uache.

Palipo na mavuno ni kwingine. Kando ya maegesho, upande ambao mafundi walikaa wakisubiri ndege zirudi, ndiko kulikodondoka sarafu, vifungo, vibiriti vya mafuta na maganda ya risasi yaliyofagiwa kutoka ndani ya ndege. Maeneo ya makazi yaliwekwa mbali na njia za kurukia makusudi, wakati mwingine kilomita moja au mbili, na kila moja lilipewa namba yake kwenye ramani. Ramani hizo zimehifadhiwa RAF Museum, makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza (RAF), na picha zilizopigwa kutoka angani wakati wa vita zimo kwenye hifadhi ya Historic England, taasisi ya urithi wa kihistoria. Pia kuna ukuta wa kulengea, lile tuta la matofali na mchanga ambako mizinga ya ndege ilipimwa shabaha. Udongo wake umejaa vichwa vya risasi. Ukishajua uko wapi kati ya hayo, ndipo unagusa vitufe.

Mipangilio inayofanya kazi

Washa, inua koili kutoka ardhini, iache bila kuitikisa, bonyeza kufuta kelele. Mashine hupita kwenye chaneli zake za -9 hadi 9 kwa sekunde chache na kuchagua iliyo tulivu. Fanya hivyo tena kila ukikaribia ua wa umeme wa mifugo au nyaya za juu. Watu wengi hulifanya mara moja asubuhi kisha mchana kutwa wanalaumu mashine kwa kubwabwaja.

Chagua Field 2, mojawapo ya hali za utafutaji zilizomo kwenye mashine. Imetengenezwa kwa ajili ya vitu vidogo kwenye uchafu mwingi, na kasi yake ya kurudi kati ya ishara moja na nyingine iko juu tangu kiwandani. Kwenye 800 kasi hiyo hupangwa 1 hadi 8. Kaa kwenye 6 au 7. Ukishuka hadi 3 unaongeza kina kidogo usichokihitaji, na kifungo kilicho jirani na msumari kinamezwa. Unyeti huja ukiwa 20 kati ya 25: teremsha hadi 16 au 17. Ukiupandisha, mashine itaanza kusikia mabati yaliyo mbali na kuyachanganya na kilicho chini ya koili.

Upendeleo wa chuma ndio kitufe chenye faida kubwa kuliko vyote hapa, na ndicho kinachoeleweka vibaya. Kwenye programu mpya unaitwa F2, huenda 0 hadi 9, na kiwandani huwekwa 6. Ukiwa juu, mashine inapokuwa na shaka husema "chuma". Ukiwa chini, husema "chimba". Kando ya maegesho, ambako chuma ni misumari na viunganishi vidogo, shusha hadi 3. Kwenye makazi ya vibanda rudisha 6 au hata 7, maana kipande cha bati kilichooza, kikilala bapa, hutoa namba za 30 na kitu kama sarafu kubwa ya fedha. Ukiwa na F2 ya 3 hapo, utachimba mabati hadi jua lizame.

Kusawazisha ardhi: acha sifuri ya kiwandani kwenye udongo wa kawaida wa shamba. Penye majivu na tofali lililoungua, ingia kwenye menyu hiyo, shikilia kitufe cha kukubali na kukataa, pandisha na kushusha koili mpaka namba itulie, achia. Koki iliyokuwa ikichomwa kwenye majiko ya vibanda itaendelea kukusumbua hata baada ya hapo: hutoa namba ndogo za chanya zinazorukaruka. Hakuna mpangilio unaoimaliza bila kuua vitu vyembamba pamoja nayo.

Sauti zipangwe tano, na sauti ya chuma ipunguzwe badala ya kuzimwa. Anayezima chuma kabisa hasikii kwamba amesimama katikati ya lundo la misumari, na hajui kwa nini eneo "limekufa". Tena senti ya Marekani ya 1943 ni chuma kilichopakwa zinki. Ukizima chuma, umeshaiaga.

Sasa koili. Koili ya inchi 11 kwenye uwanja huu kila wakati ina vitu vitatu au vinne chini yake. Programu iwe na kasi namna gani, haiwezi kutenganisha vilivyoingia pamoja. Koili ya duara ya inchi 6, EQX06, inauzwa peke yake, na ukiifunga mashine inakuwa nyingine: sehemu iliyokuwa ikinguruma chuma mfululizo inaanza kutoa milio mifupi mikavu ya shaba katikati. Utapoteza kina, ndiyo, na kupiga heka nzima kutachukua muda mara mbili. Kwenye shamba wazi kati ya maegesho rudisha ya inchi 11. Kwenye maegesho yenyewe na vibanda, ya inchi 6 tu.

Mlio mmoja, hatua kwa hatua

Chukua mlio wa juu, namba 20 na kitu, umbali wa hatua mbili kutoka ukingo wa zege. Upitishe tena polepole, kisha zunguka robo duara uupitishe kwa upande mwingine. Shaba hubaki na namba ileile au hupishana kwa moja au mbili. Chuma hukatika au namba huruka kutoka 32 hadi 18 hadi hasi. Bonyeza kitufe chenye alama ya kiatu cha farasi ili usikie na chuma: ukisikia mngurumo mpana chini ya mlio wa juu, kuna bati. Kisha bonyeza kitufe cha kulenga. Ganda la risasi hutoa alama fupi iliyo kali katikati ya koili. Bati hujaza koili nzima.

Kata nyasi pande tatu, pindua bapa lake likiwa bado limeshikwa na mizizi, udongo uweke juu ya turubai. Kuanzia hapo sepetu lipumzike, tumia kielekezi cha mkononi, kigunduzi kidogo cha kuonyesha kitu kilipo. Kitu kikitoka kikiwa silinda ya kijani-nyeusi, usikivute. Safisha udongo kwa vidole uone ncha ya mbele. Ikiwa wazi na imejaa udongo, ni ganda tupu. Ganda la risasi ya .50 (nusu inchi) ya Marekani lina urefu wa milimita 99, na kitakoni utakuta herufi za kiwanda na mwaka: SL ni St. Louis, DM ni Des Moines, LC ni Lake City, TW ni Twin Cities. Mwaka huandikwa 42 au 43, na kwa 1944 mara nyingi ni 4 peke yake. Tazama kofia ndogo iliyo katikati: ikiwa na tundu la pini, ilipigwa. Kama haina tundu, au kichwa cha risasi bado kipo mbele, acha kilipo.

Usisafishe kwa siki wala asidi. Maji, mswaki laini, basi. Herufi zinazokupa tarehe zina kina cha nywele.

Namba zisizosema kweli

Hapa ndipo Equinox, kama mashine zote za aina yake, inapoishiwa. Alumini. Ngozi ya ndege ni aloi ya alumini, na kipande cha upana wa ukucha hutoa namba sawa na kishikio cha kopo la soda. Nikeli ya Marekani ya senti 5 hutoa 12 au 13. Alumini ya kiwanja hujaza kuanzia hapo kwenda juu na chini bila kubakiza nafasi. Hakuna kichujio cha kukuokoa. Ukikataa kundi hilo unakataa pia nikeli za vita za 1942 hadi 1945, zile zenye asilimia 35 ya fedha na herufi kubwa ya kiwanda juu ya jengo la Monticello.

Kibao cha jina cha askari wa Marekani, ambacho wengi ndicho wanachokiota, mara nyingi ni moneli, aloi ya nikeli na shaba isiyopitisha umeme vizuri kama shaba tupu. Usitegemee namba kubwa. Na wale wanaotafuta vibao vya Waingereza wapunguze matumaini: vya RAF vya wakati ule vilikuwa vya nyuzi zilizoshindiliwa. Hakuna kigunduzi kitakachovisikia.

Kwa hiyo alumini huchimbwa yote, kisha huchambuliwa mezani. Tafuta mihuri. Namba ya sehemu inayoanza na 300 huelekeza kwenye toleo la kwanza la Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, 349 kwenye toleo la tano (Mk V), 361 kwenye la tisa (Mk IX). CBAF ni kiwanda cha Castle Bromwich. Taji juu ya AM ni mali ya wizara ya anga, iwe saa ya ndege au uma wa chakula. Namba za ghala nazo husaidia: 6A ni vipimo vya ndani ya ndege, 5C ni vya umeme, 22C ni mavazi ya rubani. Kipande kisicho na muhuri, kisicho na rangi wala ribiti, ni alumini tu. Alumini iliyoanza kutoa unga mweupe ikaushwe taratibu.

Vitu vya kutogusa

Risasi nzima, kofia ya fyuzi, silinda yenye mapezi, na hasa fimbo ya pembe sita yenye urefu wa mkono hadi kiwiko: hiyo ni bomu la moto la Uingereza la ratili 4, mwili wake ni magnesi. Weka alama, ondoka ulikopitia, piga 999. Kumiliki risasi nzima bila cheti ni kosa kwa sheria ya silaha ya 1968, hata kama imeoza.

Mwaka 1940 mabomba yenye baruti yalizikwa chini ya baadhi ya viwanja ili viharibiwe Wajerumani wakitua, na mengine yalisahaulika. Kwenye kiwanja cha zamani cha Lee-on-Solent yalifukuliwa mwaka 2006. Kwenye mashine, bomba la namna hiyo husikika kama mstari mrefu wa chuma ulionyooka. Mistari mirefu ya chuma haichimbwi.

Hatari ya radi (radium, metali inayotoa mionzi, si radi ya mvua) watu huipuuza. Nyuso za vipimo vya ndege zilipakwa rangi yenye radi ili zing'ae gizani. Mng'ao umekufa zamani, mionzi bado: radi-226 hupungua nusu baada ya miaka 1,600. Pwani ya Dalgety Bay huko Scotland ilichafuliwa kwa majivu ya vipimo vya ndege vilivyochomwa na kutupwa. Ukikuta saa au kipimo chenye rangi ya kahawia inayobanduka, usikwangue, usipulize, usikiweke mfukoni, na nawa mikono kabla ya kula. Equinox haina namna ya kukuonya.

Kuhusu ruhusa, kwa ufupi. Ruhusa ya mwenye shamba iwe ya maandishi. Eneo la kale lililosajiliwa haliingizwi kigunduzi bila kibali, kwa sheria ya 1979. Na mabaki ya ndege yoyote ya kijeshi iliyoanguka yanalindwa na sheria ya 1986: vipande vikianza kutoka vingi mahali pamoja, vimepinda na kuungua, simama, kwa sababu kuanzia hapo unahitaji leseni ya wizara ya ulinzi.

Kasoro, na nani anunue

Mhimili haukunjiki chini ya sentimita 112, kwa hiyo hauingii kwenye begi la mgongoni bila kufunguliwa. Betri imo ndani, wala huwezi kuibadilisha shambani. Inakaa kama saa 12, chini ya hapo wakati wa baridi. Dawa yake ni betri ya akiba ya simu, maana mashine hukubali kufanya kazi ikiwa inachajiwa. Kiunganishi cha chaji ni cha sumaku na hukusanya vumbi la chuma, ambalo kwenye viwanja hivi halikosekani, kwa hiyo kifute kila mara. Kifuniko cha koili kivuliwe na kuoshwa: udongo wenye kutu ukijaa kati ya kifuniko na koili, mashine hulia yenyewe na mtu anadhani imeharibika. Waya wa koili uufunge usichezecheze, kwa sababu hiyohiyo. Nati ya koili ni ya plastiki, ikaze kwa vidole tu.

Equinox 600 usiinunue kwa kazi hii, hata ikiwa ya bei rahisi. Kasi yake ya kurudi ina ngazi tatu tu. Equinox 900, iliyotangazwa 2022, ina mhimili wa nyuzi za kaboni, namba za metali hadi 99, na, la muhimu kuliko yote, huja na koili mbili kwenye boksi: ya inchi 11 na ya inchi 6. Minelab nao waliona. Kwa mnunuzi wa kipya ndiyo ya kuchukua. Equinox 800 inabaki na maana ikiwa imetumika, bei imeshuka vya kutosha kuongeza EQX06, na namba yake ya usajili imethibitishwa, kwa kuwa bidhaa bandia za Minelab zipo sokoni.

Ukienda kuikagua ya mkononi, beba msumari wenye kutu na kifungo cha shaba. Viweke juu ya nyasi umbali wa vidole vinne, F2 iwe 3, kasi 7, zungusha koili polepole pande zote mbili. Kwa koili ya inchi 6 kifungo kinapaswa kusikika kwenda na kurudi. Kikisikika upande mmoja tu, angalia kwanza kama programu imesasishwa. Kama imesasishwa na bado hali ni hiyo, mrudishie mwenyewe.